Ng'ombe wa Mawe wa Kisaju

S.L.P. 214,
KITENGELA.
Jumapili, 3 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Waceke,

Nianze kwa kukuomba radhi. Ni miaka minne sasa sijakuandikia, na hata mara ile ya mwisho sikukuandikia. Nilikurudishia barua yako mwenyewe ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Ulikuwa umenieleza habari za upasuaji wa mumeo, na mimi nikaona ngeli. Mama Kimani aliniambia siku ile ile kwamba nimefanya ujinga. Nilimjibu kwamba kosa ni kosa. Hukuandika tena, nami sikuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua. Nisamehe.

U hali gani? Mumeo anaendeleaje, na moyo wake umetulia? Na Cate, amekwisha kumaliza masomo? Natumaini majira ya joto ya huko yamekupunguzia yale maumivu ya mabega. Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha umri wetu. Magoti yangu hayapendi tena kupanda. Mama Kimani ana shinikizo la damu, na tangu Machi miguu yake haimbebi. Kimani humpeleka kliniki Kitengela kila baada ya wiki mbili. Kimani, mkewe Purity na watoto wao wanaishi nasi hapa uwanjani, katika nyumba ile ndogo ya nyuma. Mvua za masika zilikuwa za kutosha. Nyasi zimeota, ila hakuna tena mahali pa kuzionea.

Ungerudi leo usingepatambua nyumbani. Mbele, palipokuwa na duka la baba, pana jengo la orofa tano ambalo limetuzibia kabisa njia ya kwenda barabara ya Namanga. Kushoto pana ukuta wa mawe. Kulia pana ukuta mwingine, nao umepandwa vipande vya chupa juu. Jua hutufikia saa nne asubuhi na kutuacha saa tisa. Njia iliyobaki ni ya nyuma, ile inayoteremka bondeni, ikapita kando ya silanga ya kunyweshea mifugo, ikapanda kwa Nalangu na kutokea kwenye barabara ya udongo wa murram. Gari linalombeba Mama Kimani hupita hapo. Hatuna mlango mwingine.

Nalangu unamkumbuka vizuri kuliko mimi. Baada ya mumewe kufariki huko Bisil alirudi na watoto wake kwenye boma la baba yake, mzee Metito. Sasa amezeeka kama wewe. Mbuzi wake hunywa kwenye silanga ile ile.

Bonde lenyewe halikuwa letu wala la Metito. Ardhi ilipopimwa, wazee wetu wawili walikubaliana liachwe nje ya vipande vyote kwa ajili ya maji. Walikubaliana kwa mdomo, wakanywa chai, yakaisha. Mwezi wa Mei alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi na karatasi inayosema bonde ni lake. Amekwisha kuzungushia mabati pande mbili. Chifu amemsimamisha hadi shauri lisikilizwe Kajiado, Alhamisi tarehe 18 Septemba. Akishinda, upande wa tatu atakaouziba utakuwa wa kwetu, na wa nne wa kwa Nalangu. Nalangu atalazimika kurudi kwa shemeji zake Bisil, ambao hawamtaki. Sisi tutatokea wapi, sijui. Kimani anasema kwa mzaha kwamba tutanunua ngazi. Mama yake hacheki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Wakazi wameunda kamati, na mwenyekiti ni Koinet, mwana mkubwa wa Nalangu. Kamati haina karatasi hata moja. Kitu pekee ilicho nacho ni Gumba.

Ndiyo, Waceke. Gumba wale wale. Watoto wote wa upande huu, wa Kimaasai na wa Kikuyu, wamekua wakiambiwa kwamba bondeni Kisaju waliishi watu wafupi kabla ya watu wote, na kwamba wale waliobaki wako chini ya ardhi. Maboma yao madogo ya mawe yanaonekana hadi leo, kila moja upana wa sufuria, na ndani yake ng'ombe wa mawe. Tena wanasema, na hili nimelisikia kwa watu wazima wenye akili timamu, kwamba ng'ombe wale huzaa. Kila mwaka baada ya mvua huongezeka. Wachungaji hawakanyagi pale. Hata fundi wa yule bwana alipopiga mabati alikwepa sehemu hiyo, akasema ataimalizia baadaye.

Sheria, nimeambiwa, hulinda mahali pa kale. Kwa hiyo Koinet alimleta msichana mmoja wa chuo kikuu, jina lake Lorna, anayekusanya masimulizi ya watu wafupi. Alipiga picha maboma. Alieleza vizuri sana jinsi watu wengi duniani walivyo na hadithi kama hizi, na kwamba mara nyingi asili yake ni kumbukumbu ya wenyeji wa zamani waliohamishwa na wageni. Kisha akatoa nakala ya maandishi ya zamani kuliko yote aliyoyapata juu ya bonde letu, akaanza kunisomea kwa heshima kubwa. Niliyatambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Yalikuwa yangu. Niliyaandika mwaka 1976 katika jarida la shule za wilaya, nilipokuwa mwalimu kijana mwenye kutaka kusifiwa, na nilisifiwa.

Aliniuliza nilisikia habari hizo kwa nani mara ya kwanza. Nikamjibu kwamba kwa mama yetu. Hiyo ilikuwa kweli, na akairekodi, na mimi nikanyamaza.

Sasa wakili wa kamati ameandaa hati ya kiapo. Inataka niseme kwamba tangu nifike Kisaju mwaka 1971 maboma yale yalikuwapo, na kwamba hayakutengenezwa na mtu yeyote ninayemjua. Mimi ndiye mzee wa mwisho aliyekuwapo wakati ule. Nikitia sahihi, bonde lina matumaini. Nisipotia, kamati inakwenda Kajiado mikono mitupu.

Wewe na mimi tunajua nani aliyeyatengeneza.

Lakini sina hakika kama unajua kwamba mimi najua. Nikueleze, kwa sababu kwa miaka hamsini na miwili sijawahi kumweleza mtu.

Ilikuwa likizo ya Agosti, 1973. Wewe ulikuwa na miaka tisa, na mama alikuwa amekukataza kabisa kwenda kucheza na watoto wa Metito. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mgeni, na aliogopa. Siku moja alikwenda kutafuta kuni bondeni akakuta kijiji kizima kisichomfika magotini: vijumba vya udongo na samadi, milango yake midogo ya kuinamia, miba imezungushwa, vijiboma vya mawe kando yake, njia zimefagiliwa, na katika kijumba kimoja majivu yaliyokuwa bado na joto. Alirudi mbio bila kuni. Bibi yake kule Murang'a alikuwa amemwonyesha mashimo ya Gumba akiwa mtoto, akamwambia kwamba walikuwa watu wafupi wanaokaa ndani ya ardhi, wenye hasira, na ukikutana na mmoja atakuuliza umemwona ukiwa wapi. Ukimjibu kwamba umemwona hapa karibu, atakudhuru kwa kumdharau kimo chake. Umjibu kwamba ulimwona toka mbali.

Mama hakujua kwamba wasichana wa Kimaasai wanapochunga wana-kondoo hujenga maboma ya kuchezea. Angejuaje? Alikuwa na hadithi ya Murang'a kichwani, akaona kitu kinacholingana nayo, akavikutanisha. Baba alipomuuliza mzee Metito, naye Metito hakufikiria mchezo wa watoto hata kidogo. Alisikia habari za watu wafupi kutoka kwa jirani mstaarabu mwenye duka, akaziamini. Wiki ile ile wakeze walikuwa wakizisimulia kwa Kimaa.

Kisha mama akaanza kuweka uji. Kila asubuhi, kibuyu kidogo cha uji wa wimbi ukingoni mwa bonde, ili Gumba watuache kwa amani. Jioni kibuyu kilikuwa kitupu. Waceke, mwaka ule ulinenepa.

Niliwaona. Nilikuwa nimekaa juu kwenye ukingo, chini ya mgunga, nikisoma. Wewe na Nalangu mlitoka vichakani, mkakaa pembeni ya maboma yenu, mkapokezana kibuyu. Mlikuwa mmejipaka vumbi jekundu. Mlikuwa mkicheka kimya kimya, mikono mdomoni. Ilikuwa juu yangu kushuka niwakemee. Badala yake nilifungua daftari nikaandika jinsi Gumba wanavyokunywa uji wao. Nilipata sentensi nzuri, na sikutaka kuiharibu.

Kalunde unamkumbuka? Yule dada kutoka Machakos aliyemsaidia mama dukani na jikoni. Yeye pia aliwaona, naye akasema. Nilikuwapo. Alisema kwa upole, huku akifuta mikono kwenye leso yake:

"Mama, huo uji unanywewa na Waceke. Na msichana wa Metito."

Mama alikuuliza, ukakana. Aliniuliza mimi, mwalimu wa familia, kama nimewahi kuona kitu chochote bondeni. Nikasema sijaona. Jumamosi Kalunde aliondoka na kifurushi chake, kwa kuwa mama hakuweza kukaa na mtu anayemsingizia mtoto wake. Alipopita karibu nami hakuninong'oneza neno lolote baya. Alisema tu, "Kwaheri, Mwalimu." Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Baadaye, kwa miaka thelathini na minne, niliwachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Sasa unaelewa nilivyo. Nikitia sahihi hati ile, nitakuwa nimesema tena lile neno "sijaona," safari hii nikiwa nimeshika Biblia, mzee wa kanisa mwenye miaka sabini na minne. Nikisema kweli, nimemfungia mke wangu ndani ya kuta nne. Nikijifanya mgonjwa siku ya kesi, jambo ambalo pia nimelifikiria, matokeo ni yale yale kama ya kusema kweli, isipokuwa sitakuwa hata nimeisema.

Nilijaribu kutafuta upenyo. Nilimwendea wakili nikamuuliza, kama swali la jumla, itakuwaje ikionekana kwamba maboma yalijengwa na watoto. Alicheka, akaniambia kwa adabu kwamba hapo hakutakuwa na mahali pa kale ila michezo ya watoto, na kesi itaishia mlangoni. Nilimdokeza Kimani kwamba huenda nisiweze kuapa. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nimesahau mama yake anapitia wapi. Purity ndiye aliyesema, akiendelea kuchambua mchele: "Baba, kwani kiapo ni nini? Si ni karatasi tu?" Na Koinet, ambaye nilimfundisha kusoma, huja kila Jumanne na kukaa pale ukumbini akiwa amevua kofia. Wiki iliyopita alisema, "Mwalimu, wewe sema tu venye uliandika. Hatuko na kitu ingine." Sikumsahihisha. Sikuwa na haki.

Alhamisi asubuhi nilichukua fimbo nikateremka bondeni peke yangu. Nilitaka kuona kama ningeweza kuyatazama yale mawe na kujidanganya. Vijumba vilikwisha zamani, mvua ziliviyeyusha. Yamebaki maboma ya mawe na ng'ombe wake. Nilimkuta Nalangu amechuchumaa pale, shuka imekunjwa magotini, akipanga kokoto mpya kutoka kiganjani, moja moja. Aliponisikia hakushtuka. Aliinua kichwa, akatabasamu kwa meno machache aliyo nayo, akaniuliza:

"Mwalimu, umeniona ukiwa wapi?"

Nikamjibu kama ilivyo desturi, kwamba nimemwona toka mbali. Alicheka hadi akashika ardhi.

Nilimuuliza anafanya nini. Akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo, nalo ni lako zaidi kuliko langu, kwa hiyo nakukabidhi.

Unajua kwamba Wamaasai wawili wakipeana mnyama, hawaitani tena kwa majina; huitana kwa zawadi ile. Nalangu alikupa ndama jike, jiwe jeusi lenye mstari mweupe kiunoni. Tangu siku hiyo wewe ni Paashe wake, yaani wa ndama, naye ni Paashe wako. Miaka yote hii nilikuwa nikimsikia akiniuliza, "Paashe hajambo?" nikidhani ni jina la utani tu. Ulipoondoka kwenda Kanada, ng'ombe wako alibaki katika boma lake. Nalangu amekuwa akimchunga. Hata alipokuwa ameolewa Bisil, kila alipokuja kumwona mama yake baada ya mvua aliteremka bondeni akaongeza ndama.

Nilimuuliza kwa nini, mtu mzima.

"Yeye ako mbali, lakini ng'ombe yake inazaa," alisema. "Ningefanya nini, Mwalimu? Nimwambie ilikufa?"

Kwa hiyo hao ndio Gumba, na hiyo ndiyo siri ya mifugo inayoongezeka. Yule jiwe jeusi yupo bado. Nimemshika mkononi. Ubavu wake umekuwa laini kwa kushikwa.

Nilimweleza Nalangu habari za hati. Nilidhani ataniamulia, na nakiri kwamba ndicho nilichotaka. Aliniambia kwamba Koinet hajui. Hajawahi kumweleza mwanawe kwamba Gumba anaokwenda kuwatetea mbele ya serikali ni mama yake mwenyewe. Hilo lilimchekesha tena kidogo, kisha likaacha kumchekesha. Akasema hatakwenda Kajiado kumwita mwanawe mwongo mbele za watu. Lakini mimi nikimtaja, hatakana. Nikamkumbusha kwamba nikimtaja atapoteza maji, na huenda na makazi. Alijibu kwamba anajua. Akainuka, akaniachia mawe, akaenda kuwafuata mbuzi.

Nilikuwa nimetumaini kuna mlango upande huo. Sasa najua kwamba nao umefungwa, na aliyeufunga ameufunga kwa upole.

Ningeweza kukupigia simu. Sikufanya hivyo kwa sababu wewe ni mwepesi kusema na mimi nimechoka, na neno lako la kwanza ningelitii. Barua itakuja polepole. Sikuombi ushauri. Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, kama unakumbuka jina la baba yake Kalunde au kijiji chao huko Machakos, niandikie. Hata akiwa amefariki, ana watu. La pili, ujue kwamba nikisema kweli nitalazimika kulitaja jina lako, na kwamba nitalitaja kama jina la mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na njaa ya kucheza, si zaidi ya hapo. Neno "sijaona" ni langu peke yangu.

Nalangu alinipa kitu nikutumie. Ni kokoto nyeusi ndogo kama punje ya maharagwe, ina doa jeupe upande mmoja. Nimeifunga kwa karatasi ndani ya bahasha hii. Nilimwambia kwamba watu wa posta wataniuliza ni nini. Akasema niwajibu kwamba ni ndama, wa mwaka huu.

Mama Kimani anakusalimu sana, na amenituma nikuambie kwamba yeye hakukubaliana na ule wino mwekundu. Kimani na Purity wanakusalimu, na wanao. Koinet anakusalimu, ingawa anakujua kwa jina tu. Nalangu anamsalimu Paashe. Nawe unisalimie mumeo na umwambie kwamba nasikitika kwa kuchelewa kumpa pole. Msalimie Cate, na siku moja umweleze mama yake alikuwa nani kabla ya kwenda ng'ambo. Mungu awalinde nyote katika nyumba hiyo, kuingia kwenu na kutoka kwenu. Huku kwetu, kutoka ndiko kunakohitaji maombi.

Nitakuandikia mara nitakapokuwa nimeamua, iwe ni usiku wa kuamkia Kajiado au jioni ya kurudi. Ukisikia kwa wengine kwamba bonde limechukuliwa, ujue nilisema kweli. Ukisikia kwamba limebaki, usifurahi bado, ngoja barua yangu. Na utakaponijibu, andika upendavyo. Kalamu ile nyekundu nimempa mjukuu achoree.

Ni mimi kaka yako akupendaye, aliyewaona toka mbali,

Hiram Gakuru.